Dirisha la Mke wa Thakur

Nyumba tuliyokulia ilinuka chokaa mbichi. Kila mvua za masika zilipokatika, mwenye nyumba alizipaka kuta upya kwa mikono yake mwenyewe, na harufu ile kali ikashuka hadi kwenye vyumba viwili vya uani tulivyopanga, ikaingia kwenye wali, kwenye mashuka na kwenye nywele za mama. Mwenye nyumba alikuwa Mhindi wa ukoo wa Rajput, kontrakta wa majengo hapo Old Kampala, na alitaka kila mtu amwite Thakur, yaani bwana mwenye ngome. Sisi tulikuwa Waislamu wa asili ya pwani. Babu zangu walifika Buganda na misafara ya biashara, na baba alikuwa na duka la vitambaa. Kwa Thakur hayo hayakuwa kitu. Mlango wa mbele haukuwa wetu. "Wewe napita nyuma," aliniambia hata siku nilipotoka hospitali ya Mulago nikiwa na homa, nimebebwa mgongoni kwa mama. Nilimchukia bila kificho, na yeye hakujisumbua kujifanya anatupenda.

Kitu kimoja tu kilimfungua mdomo: ngome ya wazee wake huko Rajputana. Alinisimamisha na ndoo yangu ya maji akanieleza jinsi ilivyokaa juu ya mlima wa mawe, ukuta wake ukifuata mgongo wa mlima hadi macho yachoke. Njia ya kupanda ilipita milango saba, na kabla ya kila mlango ilikata kona ya ghafla ili tembo wa adui wasipate nafasi ya kukimbia na kuuvunja. Mbao za milango zilipigiliwa misumari mirefu ya chuma kwenye kimo cha paji la uso la tembo. Ndani, kila mfalme aliongeza jumba lake juu ya la baba yake. Kulikuwa na mabwawa ya kuhifadhi maji ya mvua, chumba kilichotiwa vipande vya vioo hata taa moja ikawaka kama nyota elfu, na madirisha ya mawe yaliyotobolewa matundu kama lesi, ambamo wanawake walitazama nje bila kuonekana. Nyumba yake aliijenga kwa kuiga hayo. Njia ya kutoka barabarani ilikata kona kali kabla ya kufika uani, na ghorofani, upande wa mbele, kulikuwa na dirisha la matundu alilolimimina mwenyewe kwa saruji.

Mkewe, Mama Gayatri, alizungumza nami mara moja tu, mumewe alipokuwa ameondoka. "Yeye nasema mlango saba," aliniambia. "Ile mikono hasemi." Kwenye mlango wa mwisho, alinieleza, kuna alama za viganja vya wanawake wa mfalme. Mfalme alipokufa waligusa ukuta ule, wakaenda kuchomwa pamoja na maiti yake. Kisha akaanua nguo zake na kuingia ndani.

Ndipo amri ikatangazwa redioni kwamba Wahindi waondoke nchini. Watu tusiowajua walianza kusimama barabarani na kuichagua nyumba kama wachaguavyo mbuzi. Thakur alimshutumu baba kwamba anangoja kuirithi. Baba akamjibu mbele yetu sote, "Nyumba yako nenda nayo." Tangu hapo hawakusemeshana tena. Mtaani nako ukazuka uvumi kwamba baba anamfichia Thakur mali.

Wanajeshi walikuja alasiri moja. Lendirova yao ilishindwa kukata ile kona, ikakwaruza ukuta na kukwama, wakawa wanatukanana na kugonga mabati. Wakati huo huo Mama Gayatri alishuka ngazi za nyuma, akamshika mama mkono na mimi gauni, akatuvuta juu. Thakur alisimama mlangoni akatanua mikono. Alisema sisi hapana, tutawaleta askari ghorofani.

"Milango ni yako," mkewe alimwambia. "Dirisha ni langu."

Alimsukuma, tukapita.

Kupitia matundu yale tuliwaona wakimburuta baba hadi barabarani, chini yetu kabisa. Walimuuliza mali ya Mhindi iko wapi. Akasema hajui. Mmoja akauliza, "Na bibi yako?"

"Ameenda kwao Mombasa," baba akajibu.

Walimpiga kitako cha bunduki sikioni. Mama aliuma kanga yake. Mkono wa Mama Gayatri ulinibana mdomo hata nikaonja bizari. Thakur alikuwa ameketi juu ya sanduku, uso ukutani. Baba walimtupa garini wakaondoka naye.

Aliachiliwa baada ya majuma mengi, sikio moja likiwa limekufa. Thakur na mkewe walikuwa wameshaondoka. Siku ya kuondoka kwao mama alikwenda kumshukuru Mama Gayatri, naye alikuwa akifunga mizigo. "Usinishukuru," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi sikukupenda." Kapteni mmoja akaichukua nyumba, na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kulivunja lile dirisha, kwa sababu alitaka kuonekana.

Utawala uliotoa amri ile ulipoanguka kapteni alikimbia, nasi tukahamia vyumba vya mbele. Miaka ikapita, kisha Gayatri, binti yao, ambaye wakati wa amri ile alikuwa akisoma Nairobi, akaja kudai urithi wake. Nilimweleza alichofanya mama yake. Alisikiliza, akasema nyumbani kwao ilisimuliwa ngome tu, kisha akatupa hadi mwisho wa mwezi tuhame. Tulihama.

Sasa naishi Kasubi. Vijana wakiniuliza kuhusu zamani hizo, wanataka kusikia kwamba tuliishi na Wahindi kama ndugu. Nawaambia tulichukiana, na mwanamke asiyetupenda alimwokoa mama yangu. Majirani zangu wa leo wananiita dada, wananiletea sahani ya futari na kuniulizia hali kila asubuhi. Sijui ni yupi kati yao angemsukuma mumewe ili nipite.