Dereva Aliyeambiwa Analala

Siku ya kwanza nilipomwona nilidhani ananikonyeza. Nilikuwa nimeanza kazi ya kulinda geti asubuhi hiyohiyo, sare bado ina mikunjo ya dukani, nami nimesimama nikiomba watu wasinisemeshe sana. Lori la mafuta likaja, likasimama, dereva akashusha kioo. Akanitazama jicho moja likiwa wazi na jingine nusu.

"Hodi, mwenyeji," akasema.

Mimi ni mtu wa haya tangu utotoni. Mtu mzima kunikonyeza mbele za watu lilikuwa jambo la kunitoa jasho. Nikafungua geti huku nikitazama matairi. Lori lilipopita, fundi wa magari, ambaye wote tulimwita Spana, alikuwa anacheka hadi ameshika ukuta.

"Hakukonyezi wewe," aliniambia. "Huyo ni Pazia. Kope ya jicho la kushoto imeshuka tangu siku aliyozaliwa. Hata mkewe anasema walipokutana mara ya kwanza alidhani anatongozwa, kumbe mwenzake anasubiri chenji yake."

Hivyo ndivyo nilivyomjua Pazia. Jina hilo halikumuudhi. Alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, shati limechomekwa vizuri, na ndani ya lori lake palikuwa safi kuliko chumba changu. Kila alipofika getini alisema "Hodi, mwenyeji", na baada ya wiki chache nilipata ujasiri wa kumjibu, "Karibu, mgeni." Tulisalimiana hivyo miaka yote, kana kwamba yadi ile ni nyumba yangu na yeye amekuja kunitembelea.

Alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake. Dereva yeyote akitaka kutoka na mzigo, Pazia humuuliza kwanza, "Umelala vizuri?" Si kwa kusalimia. Alitaka jibu. Ukimwambia mtoto alilia usiku kucha, anakufuata hadi mlangoni mwa lori akikusihi umwombe meneja akupe saa mbili ujinyooshe kwanza.

"Baba, wewe ni dereva au nesi?" walimtania.

Sababu yake niliisikia kutoka kwake mwenyewe, tukiwa tumekaa kwenye benchi la getini. Aliyemfundisha kuendesha malori makubwa alilala kwenye usukani mchana kweupe, barabara imenyooka, lori likapinduka. Pazia ndiye aliyetumwa kupeleka mfuko wa nguo zake kwa mjane. Juu ya nguo palikuwa na kiatu kimoja tu, na yule mama akawa anauliza kingine kiko wapi.  Tangu hapo, katika kila mkutano wa wafanyakazi Pazia alisimama akaomba jambo moja: kitafutwe kifaa cha kumwamsha dereva.

Na kifaa kikaja. Ilikuwa kamera ndogo, ukubwa wa kiberiti, inabandikwa juu ya dashibodi ikimtazama dereva usoni. Ukifumba macho kidogo zaidi ya inavyotakiwa, sauti ya mwanamke inasema, "Dereva, pumzika." Na papo hapo taarifa inafika ofisini kwa meneja.

Madereva walinung'unika. Pale kwenye chai, mmoja alisema anachungwa kama kuku. Mwingine akasema leo wanatazama macho, kesho watatazama mfuko wa shati. Dereva mmoja mrefu sana, tuliyemwita Mlingoti, akaapa kuigeuza itazame nje. Pazia alikunywa chai yake yote ndipo akasema, "Mimi ndiye niliyeiomba. Kama kuna wa kulaumiwa, nilaumuni mimi. Lakini wewe Mlingoti una watoto wanne, na hiyo kamera inawajali kuliko wewe."

"Haya, shemeji wa kamera," Spana akasema, na watu wakacheka, ugomvi ukaisha.

Kesho yake Pazia alikuwa wa kwanza kutoka na lori lenye kamera. Alifika getini, uso umeoshwa, amenyoa ndevu. Akashusha kioo.

"Hodi, mwenyeji."

"Dereva, pumzika," ile sauti ikasema kutoka ndani.

Tukatazamana. Mimi nilitaka kucheka na sikuthubutu. Yeye alicheka. "Hajanizoea," akasema, akaondoa lori.

Haikumzoea. Ilimwambia apumzike kwenye mzunguko, kwenye mlima, kwenye foleni, hata alipokuwa amesimama anakula ndizi. Spana akaanza kuiita mke mdogo. "Mzee, bi mdogo kasemaje leo?" Lakini mwisho wa wiki Pazia aliitwa ofisini, na alipotoka hakuwa anacheka. Meneja, mama mmoja mwenye sauti ya upole na sheria kali, alikuwa amemwonyesha kwenye kompyuta kwamba yeye ndiye dereva anayelala kuliko wote. Alisimamishwa wiki nzima. Akirudia, anaondolewa barabarani moja kwa moja.

"Hukumwonyesha kope?" nilimuuliza.

"Nimemwonyesha. Anaijua, tumefanya kazi pamoja muda mrefu. Anasema sheria ni moja kwa wote. Akinisamehe mimi kwa kope, kesho atakuja mwenye makengeza, keshokutwa mwenye mafua. Haki, anasema, ni kipimo kimoja."

"Na wewe unasemaje?"

Alifikiri. "Hajakosea sana. Ila kipimo chenyewe kilipimwa kwenye uso wa nani?"

Aliporudi kazini wenzake walimhurumia. Wale wale waliokuwa wakiitukana kamera walikuja na dawa zao. Mmoja alitaka kubandika ubani uliotafunwa kwenye lenzi. Spana alikata macho ya mwanamke kwenye tangazo la sabuni, makubwa, meupe, akasema tuyatundike mbele ya kamera. "Hayo hayasinzii hadi kiama," alisema.

Pazia aliyachukua yale macho ya karatasi, akayatazama vizuri, akayakunja na kuyatia mfukoni. "Nikifumba kamera leo, kesho Mlingoti atafumba ya kwake. Halafu nani atakwenda kwa mkewe na mfuko?"

"Mzee, unapigania kitu kinachokufukuza kazi."

"Ndiyo. Nifanyeje sasa?"

Dawa aliyoipata ilitoka nyumbani. Asubuhi moja alifika getini kope ya kushoto imevutwa juu kwa kipande cha plasta, kimebandikwa hadi kwenye nyusi. Jicho lilikuwa limekodoka kama la mtu aliyeona nyoka. Mkewe ndiye aliyembandika, plasta ameikata kwa mkasi wa kushonea, amepima kwa uangalifu.

"Hodi, mwenyeji."

Nikasubiri ile sauti. Kimya. Pazia akapiga usukani kwa kiganja, kwa furaha. Na siku ile kamera haikusema neno tangu alipotoka hadi aliporudi. Siku ya pili vilevile. Meneja mwenyewe alisimama kwenye ngazi za ofisi akamwambia mbele ya watu, "Unaona? Ukiamua kujirekebisha inawezekana." Pazia akamshukuru. Meneja plasta aliiona, lakini mtu akishapata taarifa safi kwenye kompyuta, plasta ni jambo dogo.

Mimi nilikuwa nikimwona kwa karibu kuliko meneja, maana ni mimi niliyesimama chini ya dirisha lake. Jicho lililovutwa halikuweza kupepesa. Liliwashwa na vumbi na upepo, likawa jekundu, likatoa machozi mfululizo. Alikuwa na leso kwenye usukani. Jioni alipobandua plasta, ngozi ilikuwa imechubuka. Nilimwambia, "Mgeni, jicho linaumia." Akajibu, "Linaumia, lakini halijalala." Nikanyamaza, kama kawaida yangu.

Kisha ikaja ile alasiri. Lori lake lilikuwa tupu, linarudi. Nilifungua geti lote, kama siku zote, na siku zote alipita katikati kama maji. Safari hii niliona kichwa cha lori kinakuja upande wa nguzo ya kushoto, na yeye haonyeshi kushtuka. Nikapunga mikono yote miwili. Nguzo ikakwaruza lori kutoka mlangoni hadi kwenye tangi, mlio ambao bado naukumbuka kwenye meno. Lori likasimama.

Nilikimbia mlangoni. Amekaa, mikono juu ya usukani, machozi ya lile jicho yanatiririka hadi kwenye kola. Hakunitazama mimi. Alikuwa anaitazama kamera.

"Imenyamaza," akasema.

"Umeumia?"

"Sikuiona nguzo kabisa. Upande wote wa kushoto ulikuwa maji tu. Na imenyamaza. Nilipokuwa naona vizuri ilinipigia kelele. Leo sioni, imenyamaza." Akabandua plasta, taratibu, akaibandika kwenye dashibodi. "Ingekuwa mtoto badala ya nguzo, mwenyeji?"

Angeweza kusema breki. Spana alikwisha kuja na alikuwa tayari kuapa kwamba ni breki. Badala yake Pazia alishuka akanishika mkono. "Twende ofisini. Wewe umeona."

 Ofisini kwa meneja nilikuwa nimewahi kuingia siku ya kuajiriwa tu. Pazia alieleza yote, plasta na nguzo, hakuficha kitu. Meneja akanigeukia. Nilitazama zulia. Nikasema, "Mama, bila plasta, miaka yote hii, hajawahi kuigusa hiyo nguzo." Ndilo neno refu kuliko yote nililopata kumwambia.

 Meneja akavua miwani akasugua macho yake mwenyewe. "Kwa nini hukuniambia kwamba unaumia?"

"Ulikuwa umefurahi, mama," Pazia alisema.

Kesho yake aliitwa fundi wa zile kamera, dada mmoja mpole aliyekuja na begi la nyaya. Alimweka Pazia kwenye kiti cha lori, akafungua mlango, nasi tukasimama chini: meneja, Spana na mimi. Dada yule alijaribu hiki na kile, na mwisho akasema ukweli bila kuupamba. Kamera ile inayasoma macho yote mawili kwa pamoja. Anaweza kuilegeza ili imkubali baba huyu, na haitamsumbua tena.

"Basi ilegeze," meneja akasema upesi, na niliona kwamba amefarijika. "Nitaandika mwenyewe kwamba nimeruhusu."

"Ila, mama, nikiilegeza kiasi hicho, hata akilala kweli haitajua."

Spana akamnong'oneza Pazia, tukasikia sote, "Kubali, mzee. Hujalala kwenye usukani maisha yako yote. Kubali, yaishe."

Pazia alikuwa bado kwenye kiti. Aliushika usukani, akauzungusha kidogo kama anayepima uzito wake. Kazi aliyoijua ni ile. Nyumba aliyojenga, mtoto aliyesomesha, vyote vilitoka kwenye kile kiti. Sote tulijua anachokipima.

"Mwalimu wangu naye alikuwa hajalala maisha yake yote," akasema. "Na macho yake yalikuwa mazima yote mawili." Akamtazama yule dada. "Binti yangu, usiilegeze."

"Mzee," meneja akasema, "bila hiyo siwezi kukuruhusu barabarani."

"Najua. Nilikuwepo mkutanoni sheria hiyo ilipopitishwa."

Yule dada alishuka akiwa amejiinamia. Alisema watengenezaji wamekwisha kulalamikiwa, na kwamba inakuja nyingine itakayosoma kila jicho peke yake. Ikifika ataileta mwenyewe. Meneja akashauri hospitali, na Pazia akaenda. Daktari alisema kope inaweza kupandishwa kwa kukatwa, lakini kwa umri wake huenda jicho lisifunge vizuri tena. Pazia alikwisha kuonja maisha ya jicho lisilofunga. Akaacha.

Walimpa kazi ya ndani ya yadi: kusogeza malori kutoka getini hadi kwenye pampu, na kutoka kwenye pampu hadi sehemu ya kuoshea. Mwendo wa mtu anayetembea. Spana aliona ni dhuluma, akalisema jambo hilo kila siku hadi chai ikapoa. "Kamera imemfukuza mtu asiyelala, na wasinziaji wenye macho mazuri wanapeta."

Lakini siku moja Mlingoti alirudi safari, akashuka na kuketi kwenye ngazi ya lori lake. Tulimzunguka. Alisema alikuwa amekwenda, amesinzia kabisa, na ile sauti ikamwamsha akiwa tayari upande wa pili wa barabara, basi linakuja. Spana akamletea maji. Pazia alikuja kutoka kwenye pampu, akifuta mikono, akampa Mlingoti mkono na hakuuachia kwa muda mrefu.

"Umelala vizuri jana?" akamuuliza.

"Sikulala, baba," Mlingoti akasema, akaanza kulia.

Pazia hakuendelea kuwepo sana baada ya hapo. Mkewe alitaka wakaishi karibu na binti yao, mbali na kwetu, na kusogeza malori mwendo wa miguu hakukuwa na la kumzuia. Siku yake ya mwisho meneja alimpa saa ya ukutani, watu wakapiga makofi. Alitoka kwa miguu, saa kwapani, shati limechomekwa. Sikuwa nimewahi kumfungulia geti akiwa hana lori, nikajikuta nimelifungua lote.

Tukasimama pale karibu na nguzo yenye mkwaruzo, nami nikitafuta neno. Nilitaka kumwambia mengi. Nikasema, "Karibu tena, mgeni."

Alinitazama kwa jicho moja wazi na jingine nusu. Nilikuwa nimekwisha kusahau zamani kwamba kuna mtu anayeweza kudhani hilo ni konyezo.

"Ile kamera mpya ikija," akasema, "mwambie yule dada aniite tuijaribu. Usione haya, mwambie. Kope ninayo."