Mashine Iliyomvumilia Shukri

Sisi tuliokulia Garissa kabla simu hazijaingia mikononi mwa watoto tulicheza mpaka vumbi likatubadilisha rangi. Wasichana tulikaa kwenye kivuli cha ukuta tukirusha vijiwe na kuvidaka, mchezo tuliouita gariir, na wavulana walipiga mpira wa matambara na mifuko ya nailoni. Jua likisimama utosini hata mbuzi walikimbilia vibarazani, lakini sisi tulibaki nje, midomo imekauka, mpaka mama apaze sauti: "Mnataka jua liwachukue akili?" Asubuhi tulikula anjera kwa chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Jioni, bibi akiwa ametuma mkebe wa nyirinyiri, tulipigania vipande vya nyama mpaka vidole viteleze kwa samli. Ukiwasimulia watoto wa leo, wanakutazama kama kitu kilichofukuliwa ardhini, halafu wanarudi kwenye skrini. Chaji ikiisha, wanalia kama wamefiwa.

Ningependa niishie hapo. Lakini nikikumbuka utoto wangu sawasawa namkumbuka Shukri, na nikimkumbuka Shukri utamu wote unageuka shubiri.

Shukri alikuwa binti wa dada yake mama. Alitoka Griftu, ambako baba yake alifuga ngamia, akaletwa kwetu ili asome. Tuliwekwa darasa moja ingawa alinipita umri na kimo. Kiswahili chake kilikuwa "njoo", "kaa" na "bei gani", maneno aliyookota soko la mifugo.

Siku zile zile mjomba wetu Mahat, tuliyemwita abti, alirudi kutoka Nairobi na mashine ya gemu iliyokwisha tumika. Akaiunganisha na televisheni yake ndogo, na chumba chake kikajaa watoto wa bula nzima, mtaa wetu. Gemu yenyewe ilikuwa ya kijitu kinachokimbia, kinaruka mashimo na kukwepa mawe yanayoporomoka. Padi moja kati ya mbili za kuchezea ilikuwa imekufa, kwa hiyo tulicheza kwa zamu: ukianguka shimoni, unampisha mwenzako. Stima ikipotea tulipiga mayowe kama tumeibiwa, na abti alitufukuza huku anacheka.

Mwanzoni Shukri alianguka kuliko sisi sote. Alianguka shimo la kwanza, akaanguka tena pale pale. Sisi tulikasirika tukianguka. Yeye alisogeza uso karibu na kioo, akatikisa kichwa, akasema kwa Kisomali, "Aa, kumbe unaruka kabla." Zamu yake ikirudi, shimo lile alilipita, akaanguka la mbele yake. Kabla mvua za mwaka ule hazijaanza alikuwa anafika mahali ambapo sisi hatukuwahi kupaona, kwenye mapango ya barafu, sisi ambao barafu tuliijua ya kwenye glasi tu. Wavulana wakubwa waliacha zamu zao ili wamtazame.

"Huyu ndiye mnasema ni mzito?" abti alimuuliza mama.

"Mimi sisemi. Shule ndiyo inasema."

Shule ilisema kila siku. Ilikuwa na kibao kilichofungwa kamba, tukikiita diski. Aliyekutwa akizungumza Kisomali alivishwa shingoni, na alikaa nacho mpaka amkamate mwenzake amvishe. Jioni aliyebaki nacho alichapwa mbele ya wote. Shukri alikivaa karibu kila siku, maana hakuwa na lugha nyingine ya kuombea hata ruhusa ya kwenda choo. Na hakukubali kumvisha mtu. Nilimwambia amkamate yeyote, wote tunakosea. Akanijibu, "Halafu achapwe yeye?"

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitoka mbali, na nadhani Garissa aliiona kama adhabu. Alimsimamisha Shukri asome kwa sauti. Shukri akasoma, "Bunda amebeba maji."

"Nani amebeba?"

"Bunda."

"Bunda ni mzigo! Mzigo umebeba maji?" Darasa likacheka, sisi ambao nyumbani tulisema bunda vile vile, maana Kisomali hakina p. "Rudia."

Alirudia, akakosea, akachapwa. Kesho yake hakusomeshwa neno lile. Alisomeshwa ukurasa mwingine, mgumu zaidi, kwa sababu darasa lilikuwa limesonga mbele.

Abti Mahat aliposikia hakwenda kugombana shuleni. Alizima mashine, akamkalisha Shukri, akamshikisha kiganja mbele ya mdomo. "Sema punda. Ukisikia upepo mkononi, umepita. Usiposikia, tunarudia, hakuna neno." Alimpa punda tu siku hiyo. Akipata, abti alipiga makofi mara moja na kusema, "Haya, la pili." Pipa. Paka. Halafu maneno mawili pamoja, halafu sentensi. Akikwama alimrudisha nyuma hatua moja, si mpaka mwanzo. Mama alimuuliza amejifunza wapi ualimu. Akaelekeza televisheni kwa kidevu: "Kwa ile mnayoiita takataka."

Nimeona watu wengi wakijifunza kusoma, ndiyo kazi yangu sasa. Sijaona tena uso kama ule wa Shukri siku aliyosoma ukurasa mzima pale chumbani, akiuweka mkono mdomoni kwenye kila p.

Muhula ulipokaribia kuisha, mwalimu aliuliza nani atasoma. Safari hii Shukri alijitokeza mwenyewe, na darasa likashangaa. Alisoma polepole, mistari yote, punda akiwa punda. Nilikuwa nimeshikilia dawati kwa mikono miwili. Kwenye mstari wa mwisho palikuwa na neno "vazi". V nayo Kisomali hakina, na hatukuwa tumeifikia na abti. Akasema, "Fazi jipya."

"Fazi!" mwalimu akarukia. "Fazi ndiyo nini? Bado uko pale pale, wewe." Darasa likacheka kama lilivyozoea. Hakusema lolote juu ya mistari mingine yote. Akampa diski, kana kwamba amesema Kisomali, na kumwambia akae.

Shukri hakukaa. Aliweka kibao mezani, akatoka nje, akatembea mpaka nyumbani na jua lile. Jioni mama alimbembeleza, abti akamwambia, "Lilibaki neno moja tu, binti yangu."

"Mashine nikianguka inaniuliza kama nataka tena," Shukri akasema. "Pale hakuna anayeniuliza."

Baba yake alipokuja na lori la mifugo, aliondoka naye. Abti aliiuza mashine.

Nami nikawa mwalimu. Mwaka jana tuliitwa semina, na kijana nadhifu kutoka Nairobi akatufundisha kwa projekta jinsi gemu zinavyomfanya mchezaji asichoke: hatua ndogo, jibu la papo hapo, kosa lisiloaibisha, nafasi ya kujaribu tena. Walimu wenzangu walipiga makofi. Mimi nilitoka nje nikanawa uso. Sasa shuleni kwetu kuna nyota za karatasi ukutani kando ya majina. Asiye na nyota anaonekana na kila apitaye mlangoni. Waliolielewa somo la gemu vizuri kuliko sisi ni wenye kamari za simu. Wao hawamtukani mtu akikosea. Humwambia karibu tena, na vijana wetu wanarudi mpaka wanauza mbuzi wa mama zao.

Miezi michache iliyopita Shukri alikuja Garissa kumleta mama yake hospitali. Ana watoto wakubwa, na sokoni Griftu, nasikia, hakuna dalali wa kumdanganya. Kwenye simu hutuma sauti tu. Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi alinikabidhi simu yake. "Nisomee, abaayo, dada yangu. Mtoto wangu wa sekondari amezoea kuandika." Nikamsomea: mtoto alimsalimia bibi, akauliza anaendeleaje. Sikuweza kunyamaza, nikamsimulia habari ya semina. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wamejua lini?" akauliza.

"Mwaka jana."

Akacheka, kicheko kifupi, akainuka kwenda kumtazama mama yake.

Enzi zetu mashine ilikuwa moja, na watoto wa bula nzima tuliishiriki, tukapigiana makofi. Leo kila mtoto ana yake, anashinda na kushindwa peke yake, kichwa kimeinama. Bakora imekatazwa, diski haipo, vitabu vina picha za rangi. Watu wananiambia mambo yamekuwa mazuri, nami naitikia, kwa sababu ni kweli. Yamekuwa mazuri kwa hawa. Shukri alikuwa mtoto wakati ule tu.