Kioo cha Kamera Kilipowageukia Wakwe

Ninyi wa mtaa wetu wa Kabondo mnajua kwa nini naitwa Mama Radi, kwa hiyo chekeni kabisa mmalize, halafu mniache niwaeleze hawa wengine, kwa sababu ni mimi, Mado, dada mkubwa wa bibi harusi, mwanamke mzima mwenye kazi ya ofisi kule Makiso, katikati ya mji, niliyesimama mbele ya sebule iliyojaa wakwe siku ya mahari ya mdogo wangu na nusura niivunje ndoa yake kwa kidole gumba. Sikuwa nimelewa wala sikuwa nimelogwa, nilikuwa na kamera tu.

Mdogo wangu Furaha alichumbiwa na Trésor, fundi wa injini za mitumbwi, mtoto wa watu wa mto kutoka Yanonge. Sisi asili yetu ni Maniema. Baba yetu ni marehemu, na anayekaa kwenye kiti chake ni kaka yake mkubwa, Tonton Asumani, na Tonton alikuwa hamtaki Trésor, bila sababu ya maana, isipokuwa kwamba kijana alihamia Banalia kufuata injini zilizoharibika, Furaha akabaki hapa na masomo yake, wakawa wanapendana kwa simu, na mapenzi ya simu (haya ni maneno ya Tonton) ni kama supu ya kusimuliwa.

Sasa, kwetu siku ya mahari msichana anafichwa. Wanatolewa wasichana watano waliofunikwa vikwembe kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu, kila mmoja na kitambaa chake, na bwana harusi lazima aonyeshe wake ni yupi. Kawaida ni mchezo, akikosa anatozwa mbuzi, watu wanacheka, anajaribu tena. Lakini Tonton alitukusanya wiki ile na kutangaza: "Huyu atachagua mara moja tu. Akikosa, barudie kwabo Yanonge, tutaonana mwaka ingine. Mutu mwenye hajue bibi yake, anakuya kuoa nani?" Mimi nilimtetea Trésor mpaka sauti ikakauka, na Tonton hakubadilisha hata nukta. Furaha aliacha kula.

Bon. Uamuzi wangu wenyewe ulikuwa mdogo. Wote walisema tupige picha kwa simu, na mimi, kwa kiburi changu, nikasema simu katika giza zinawafanya watu waonekane wamezikwa jana, nikaazima kamera ya kweli kwa mwenzangu wa ofisini, nyeusi, nzito, yenye flashi inayochomoza juu yenyewe na kioo cha kuonyesha picha chenye bawaba kama mlango, unakifungua pembeni na unaweza kukigeuza kiangalie popote unapotaka. Alinifundisha wakati wa chakula cha mchana. Nilitikisa kichwa kila alipouliza kama nimeelewa.

Mchana wa mahari mvua ilikuja kutoka upande wa mto, nzito, nyeusi, umeme ukakatika hapo hapo (ungekatika hata bila mvua, tuwe wakweli), akina mama wakafunga madirisha, na nyumba ikawa giza kama ndani ya chungu. Niliingia chumba walimowaficha wasichana na sikuona mtu, nilisikia vicheko tu. Nikawasha kamera, nikazungusha kile kigurudumu nilichoonyeshwa, na hapo, jamani, niliacha kupumua. Kwa macho yangu kulikuwa na giza. Kwenye kioo kulikuwa na chumba kizima, kitanda, mabeseni, wasichana wanne wakisukumana, na mdogo wangu amekaa pembeni na mikono katikati ya magoti. Niliondoa jicho: giza. Nikarudisha jicho: watu. Nilifanya hivyo mara nyingi kama mtoto anayefungua na kufunga mlango, nikisema moyoni kwamba dunia hii haiishiwi, kwamba kuna mwanga ambao umo ndani ya chumba na sisi tunapapasa ukutani.

Tantine Vero, dada yake baba na mkuu wa mambo yote ya wanawake siku ile, alikuwa ameinua kikwembe cha njano juu ya kichwa cha Furaha, tayari kumfunika. "Tantine, subiri!" Nikapiga, flashi ikapasuka, wasichana wakapiga kelele, na kwenye kioo akatokea mdogo wangu kama sijawahi kumwona, uso wote unang'aa, anatabasamu kwa ajili yangu na machozi yamejaa hadi ukingoni, na juu yake ile njano imetanda. Nimeishi na mtoto huyu tangu siku aliyozaliwa na sikujua kwamba anaogopa kiasi kile. Nilitaka kulia, na kwa kuwa sikutaka kulia, nikafanya upuuzi: nikageuza kioo kiangalie mbele, nikakumbatiana nao, nikapiga picha yetu sote.

Kioo nikakiacha hivyo hivyo, kimeangalia mbele.

Tulitokea sebuleni, wasichana watano wamefunikwa, mstari mmoja, na mimi nikajipanga nyuma yao karibu na kabati la vyombo, kwa sababu nilitaka kuunasa uso wa Trésor atakapochagua. Mbele yetu wakwe wote, na giza. Nikaweka jicho kwenye lile tundu dogo la juu la kuchungulia, nikabonyeza, na chumba kikawa cheupe.

"Radi! Radi imeingia!" akapiga kelele bibi mmoja wa upande wao, akajitupa chini ya meza pamoja na kitambaa chake cha kichwa.

Hapo ndipo walipoanza kucheka, na mimi sikujua kwamba hawamcheki bibi peke yake, wanajicheka wenyewe, maana kila nilipopiga, kamera iliwaonyesha sura zao kwenye kioo, midomo wazi, katika giza lile kama televisheni. Mimi nilidhani wananipenda. Nikatafuta kwa kidole gumba kitufe cha kuizima flashi, kwa huruma ya yule bibi, nikabonyeza kile chenye pembetatu ndogo, nikabonyeza tena, na tena (baadaye nilielezwa kwamba kile kinaita picha za nyuma, moja baada ya nyingine). Kicheko kikapanda. Wengine wakanyoosha vidole kwangu. Mimi nikasema kumbe leo nimependeza, nikainua kamera juu zaidi, kwa mikono miwili, juu ya vichwa vya wasichana, ili niwapate wote vizuri. Mtu mmoja tu hakucheka. Trésor alikuwa amejifunika macho kwa kiganja, na mimi nikafikiri ni flashi imemuumiza.

"Ya njano!" akasema shangazi yake kwa furaha. "Trésor, mwanangu, angalia, ni ya njano!"

Tonton Asumani akasimama, akazunguka mpaka upande wa wakwe, akageuka kunitazama. Na mimi, mjinga wa mwisho, nikamtabasamia kutoka chini ya kamera. Alikuwa anaangalia uso wa Furaha, mkubwa, mwangavu, na kikwembe cha njano juu ya kichwa chake.

"Mado," alisema polepole, "wewe njo ulikuwa unamutetea. Kumbe mulipatana."

"Tonton, apana, ni kidole tu..."

"Kidole ya nani?"

Nilishusha kamera, nikaona kioo, nikaelewa. Tonton aliwageukia wakwe, hakupaza sauti (afadhali angepaza), akasema, "Bon. Imeisha. Batu ya Yanonge, asante kwa safari," na mvua ikawa ndiyo inayosikika peke yake juu ya mabati. Chini ya kile kikwembe cha njano nikasikia mlio mdogo kama kwikwi. Mimi mwenyewe, dada yake, ndimi niliyeuleta mlio ule.

Ndipo Trésor akazungumza, bado na kiganja machoni. "Papa, mi sikuangalia. Unaweza kosa kuamini, haina neno. Nakuomba kitu moja: murudishe mabinti mu chumba, mubadilishe bikwembe, muzime kila kitu, hata telefone. Nitachagua mu giza, mara moja, vile ulisema. Nikikosa, tunaenda, hakuna mutu atakulaumu."

Tonton alirudi kwenye kiti chake. Nafikiri alikubali kwa sababu alikuwa na hakika kijana atakosa. "Sawa," akasema, "na huyu Mado hatabaki huku inje. Atamuonyesha na jicho. Mumufunike naye."

Hivyo ndivyo mimi, na umri wangu huu, nilivyojikuta msichana wa sita. Tantine Vero alininyang'anya kamera, akanitupia kikwembe kizito kinachonuka harufu ya duka, akaninong'oneza, "Ukikohoa, nitakuua," akatupanga upya, mimi wa pili, Furaha sikujua ni wa ngapi, tukatoka tukishikana kama kuku waliofungwa miguu.

Kuna giza na kuna giza. Chini ya kitambaa kile hakukuwa na kioo cha kunisaidia. Nilisikia mvua, nilisikia pumzi yangu inarudi usoni, nilisikia msichana aliye kulia kwangu anatetemeka kwa kicheko alichokibana, na aliye kushoto hivyo hivyo. Halafu nikasikia miguu ya Trésor. Alisimama kwa wa kwanza kidogo tu, akapita. Akafika kwangu, akasimama.

Akaendelea kusimama. Nilianza kutetemeka, si kwa kicheko. Niliwaza: akinichagua mimi? Akimwambia Tonton ni huyu, na wakifunua, na nikatokea mimi na uso wangu, nitakuwa nimeiua ndoa hii mara mbili katika mchana mmoja. Nilitamani kumpigia kelele: kaka, si mimi, endelea! Lakini nilikumbuka Tantine amesema ataniua. Kadiri nilivyotetemeka ndivyo alivyozidi kusimama. Nilisikia harufu ya mvua kwenye shati lake. Bila kupanga nikarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagonga kabati, na glasi zote ndani zikalia.

Akapita. Wa tatu, wa nne, sikusikia kitu, nilikuwa naomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Halafu miguu ikakoma tena, kwa muda mrefu kama kwangu, au mrefu zaidi.

"Ni huyu," akasema.

"Una hakika?" sauti ya Tonton.

"Ni huyu, papa."

Sikuona. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, nilikuwa nimefunikwa kama sufuria. Nilisikia kitambaa kinavutwa, halafu Tantine Vero akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika ng'ambo ya mto. Nilijifunua mwenyewe, maana hakuna aliyenikumbuka, na mtu alikuwa amewasha taa ya simu. Furaha alikuwa amesimama wa tano, nywele zimevurugika, anamtazama Trésor kama mtu aliyetolewa majini. Mimi nilipata baridi mwili mzima, baridi ile ya kanisani, na nikaangalia huku na huku nikaona si mimi peke yangu, watu wamejishika vifua.

Tonton hakupiga makofi. Alikuja mpaka karibu na yule kijana, akamuuliza kwa sauti ya chini, ya mtu anayetaka kweli kujua, "Umemujua namna gani?"

Trésor alikuwa anajifuta jasho. "Papa, mabinti bane balikuwa banacheka. Nilisikia. Babili tu njo balikuwa banaogopa, bote babili sana, sikujua ni nani. Alors nilisimama, nikangoja. Ule wa mbele alirudi nyuma." Akanitazama kwa aibu kidogo. "Huyu alisogea karibu yangu."

Tonton akavua kofia yake, akaishika mkononi. Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kumwona akiivua kofia ile mbele ya mtu mdogo kwake. Kisha akasema, "Bon, muleteeni mukwe kiti," na ndoa ikaanza.

Mbuzi wa faini alipatikana, msijali, nimemlipa mimi kwa kosa la kidole changu. Kamera ilirudi Makiso salama, na jina la Mama Radi alinipa yule bibi wa Yanonge alipotoka chini ya meza, likavuka mto likarudi, sasa hata wale wa toleka, wa baiskeli za abiria, wananiita hivyo wakitaka nipande.

Siku moja nilimuuliza Furaha, tukichambua majani ya pondu pale kwake, kwa nini alisogea, kama walikuwa wamepatana alama. Alinishangaa. "Nilisogea? Ya Mado, dada yangu, mi nilisimama tu. Sikutikisika hata kidogo."

Hajui mpaka leo kwamba miguu yake ilimwendea yenyewe. Basi mimi nimeapa mambo mawili. La kwanza, nikishika tena kamera ya mtu, flashi itazimwa na kioo kitafungwa kiangalie kifua changu, nione mimi peke yangu. La pili ni gumu zaidi, kwa sababu wapo wanaume wanaoniuliza habari za ndoa na mimi nawajibu kwa kichwa, nahesabu, napima: safari ijayo nitanyamaza, nitafumba macho, niangalie kwanza miguu yangu inakwenda upande gani.