Mkono wa Opereta

Mama mdogo wangu ana vidole viwili vya mkono wa kulia vilivyokakamaa kwenye ncha. Ukimpa mkono unavihisi kabla hujahisi kitu kingine. Ni alama za swichibodi ya simu ya hospitali kubwa. Alikaa pale miaka ishirini na miwili, akichomoa waya huku na kuuchomeka kule, ili daktari aongee na wodi, wodi iongee na stoo ya dawa, na mume aliye safarini asikie sauti ya mkewe aliyejifungua. Alizijua sauti za watu wote wa hospitali ile. Nyuso alizijua chache tu.

Swichibodi ilipoondolewa walimwambia achague, aende mapokezi au ajifunze kompyuta. Mapokezi kulikuwa na kiti kizuri na feni. Akachagua kompyuta. Mimi wakati huo nilikuwa nakaa kwake, maana mama yangu, ambaye ni dada yake, alitutoka nikiwa darasa la nne. Nilimwona jikoni na kitabu amekiegemeza kwenye kopo la unga, anasoma ukurasa mmoja mara tatu huku midomo inacheza. Wiki moja chakula kiliungua siku tatu. Tulikula tu.

Sasa yeye ndiye anayeangalia njia za mtandao wa hospitali ile na zahanati zake. Ukimwuliza atakwambia hajabadilisha kazi. "Ni swichibodi ileile," husema, "ila siku hizi waya siuoni." Siku moja nikimenya viazi alinieleza. Ndani ya kila mashine kuna kiini, ambacho huamka kabla ya kitu kingine chochote, na hicho ndicho kinachoshika milango ya mtandao na orodha ya njia. Ujumbe ukifika, kiini kinatazama orodha: huyu anakwenda wapi, apitie mlango upi. Kazi ya mama mdogo ni kukiambia kiini la kufanya. Akikiambia vibaya, ujumbe unabaki umesimama pale kama mgeni aliyepotezewa nyumba.

Mimi niliishia shule ya msingi. Ni mfanya usafi katika mojawapo ya zahanati hizo, ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa nzima kwa gari kutoka hospitali kubwa. Mashine ya mtandao ya zahanati yetu haina hata kioo cha kutazamia. Ni sanduku la kijivu, limekaa kwenye rafu ya stoo juu ya katoni za glavu. Muuguzi mkuu wetu, ambaye wote tunamwita Sista, alinikubalia niwalaze mapacha wangu mle stoo nikiwa kazini, kwa kuwa ni pakavu na sanduku linatoa joto kidogo. Kwa hiyo sanduku lile nalifahamu kama jirani. Nalifuta vumbi kila asubuhi. Najua linavyonguruma, na najua taa zake mbili za kijani, kila moja na mlango wake.

Mwanzoni lilikuwa na mlango mmoja na waya mmoja. Mwezi uliopita mama mdogo alikuja akaliongezea mlango wa pili, kwa ajili ya laini mpya, maana ile ya zamani kampuni ya simu ilikuwa inaifunga. Waya zote mbili ni za rangi moja. Nikaogopa nitakuja kuzichanganya nikifuta, nikaufunga ule mpya uzi mwekundu. Ni uzi uliobaki kwenye kibweta changu, uleule niliomfunga mwanangu mdogo mkononi wiki za kwanza, nilipokuwa bado siwezi kumtofautisha na mwenzake. Wamepishana dakika kumi na moja. Baadaye niliona mdogo ana kidoti nyuma ya sikio, uzi nikautoa.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Laini ya zamani ilikuwa inafungwa saa kumi na moja jioni, na kabla ya hapo mama mdogo alitakiwa kuihamishia zahanati kwenye laini mpya. Meneja wa hospitali alikuwa mgeni, ana miezi minne tu, na alitaka kazi hizo wapewe watu wa kampuni. Mama mdogo aliomba gari aje mwenyewe. Meneja akamjibu, "Si mnasema siku hizi kila kitu kinafanyika kwa mbali, mama? Fanya. Zahanati ikikatika zaidi ya nusu saa, barua yako ya kustaafu mapema iko mezani kwangu, inangoja sahihi tu."

Alikuwa amebakiza miaka minne. Nami namjua. Ukimtoa kwenye kazi ile akakaa nyumbani, atapanga na kupangua kabati mpaka azeeke ndani ya mwaka mmoja.

Saa nane mchana alinipigia kwa simu ya mkononi. "Mwanangu, uko wapi?"

"Stoo. Wamelala."

"Kaa hapohapo na sanduku. Usiguse kitu. Nataka macho yako tu."

Nikakaa juu ya katoni. Nilimsikia anagonga vitufe, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Ana desturi yake, na siku ile aliifuata. Kabla hajagusa njia za mashine iliyo mbali, huiachia agizo: baada ya dakika kumi, nisipokwambia vingine, jizime ujiwashe. Kwa sababu unachokiambia kiini moja kwa moja kinakishika kichwani tu. Mashine ikizima kinasahau yote, na ikiamka inasoma kilichoandikwa kwenye faili, yaani mambo ya jana. Basi hata ukijifungia nje, ukingoja dakika kumi mlango unafunguka. Hilo yeye huliita kuacha ufunguo kwa jirani.

Vitufe vikanyamaza.

"Mama mdogo?"

"Nimechomoa," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimechomoa kabla sijachomeka."

Kwenye swichibodi, alinieleza baadaye, mkono lazima uchomoe kwanza, kwa kuwa waya ni uleule mmoja. Kwenye kiini ni kinyume. Unaweka njia mpya, unaijaribu, ndipo unafuta ya zamani. Analijua hilo, amewafundisha wengine. Lakini meneja alikuwa amekuja kusimama nyuma ya kiti chake, na mkono ukafanya ulichozoea. Alifuta njia ya zamani, na amri zake mwenyewe zilikuwa zinapita kwenye njia hiyohiyo.

Ilikuwa saa nane na dakika kumi. Sista akachungulia mlangoni. "Mama mapacha, mtandao wenu umekwenda kunywa chai?"

"Unarudi, Sista. Dakika kumi."

"Mwambie atuletee na sisi. Nina wagonjwa saba kwenye benchi na kompyuta inanikodolea macho."

Tukangoja. Mama mdogo hakukata simu. Nilimsikia meneja anauliza, "Ndiyo imekatika?" naye akajibu, "Imekatika, ni mimi nimekosea. Itajiwasha."

Saa nane na dakika ishirini sanduku likanyamaza, likatulia, likaanza tena kunguruma. Ufunguo ulikuwa kwa jirani kweli. Nikatoa pumzi. Taa moja ikawaka, kisha ya pili.

"Zimewaka zote," nikamwambia.

"Asante, Mungu." Akagonga. Akagonga tena. "Haijibu."

"Taa ziko kijani."

"Naamini. Lakini haijibu." Nyuma yake nilimsikia meneja anasema, "Dakika kumi na tano, mama."

Mdogo akaamka akaanza kulia. Nikambeba ubavuni, simu nimeibana kwa bega, nikasimama mbele ya sanduku nikiliangalia kama ninavyowaangalia wanangu wakiwa na homa, natafuta kilichobadilika. Na kweli kilikuwepo. Sikuwa na uhakika kama kina maana, nikaona haya kukisema.

"Mama mdogo, labda ni upuuzi."

"Sema upuuzi wako."

"Siku ile ulipoweka mlango mpya, ulipoliwasha, taa ya waya wa zamani ilitangulia. Ya mwenye uzi ikafuata. Leo ya mwenye uzi ndiyo imetangulia."

Aliacha kugonga vitufe.

"Una hakika?"

"Nilikuwa namtikisa huyu huyu nikiziangalia. Siku ile na leo."

"Basi kiini kimewabadilisha majina," alisema polepole. "Mlango kinaouona kwanza ndio kinaouita wa kwanza. Siku ile kiliuona wa zamani. Leo kimeuona mpya. Na faili inasema laini ya zamani iko mlango wa kwanza." Nikasikia kiti chake kinasogea. "Mwanangu, chomoa waya zote mbili. Wenye uzi uuweke alikotoka mwenzake, na mwenzake umweke kwenye nafasi yake."

"Ulisema nisiguse kitu."

"Sasa nakwambia gusa."

Nilikuwa na mkono mmoja. Kile kipande cha plastiki kwenye ncha ya waya hubonyezwa kwanza ndipo utoke. Mara ya kwanza ulinitoka, mara ya pili nikavunja ukucha. Mdogo alikuwa amenyamaza, anautazama uzi mwekundu kama aliyemwona mtu wanayefahamiana. Nikasukuma waya wa kwanza mpaka ukalia tak. Wa pili, tak.

"Tayari."

Alipogonga safari hii nilivihesabu vitufe. Vilikuwa vichache. Kisha nikasikia pumzi ndefu, ile ya mtu aliyetua ndoo kutoka kichwani.

"Niko ndani," akasema.

Sista akapaza sauti kutoka chumba cha pili, "Amerudi huyo. Mwambie chai yetu iko wapi."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika thelathini na tatu. Zilikuwa dakika ishirini na tatu. Nikaketi kwenye katoni, mdogo nimempakata.

Kazi ilikuwa haijaisha, ila ugumu ulikuwa umekwisha. "Nisipoyafunga haya majina," alisema akiendelea kugonga, "ikizima tena mambo yatakuwa haya haya."

"Ni kama ningewaita wanangu kwa kufuata aliyeamka kwanza."

Akacheka. Kicheko chake cha kwanza siku ile. "Enhe. Kumbe ungeweza kunifundisha. Kila mlango una namba yake uliyotoka nayo kiwandani, haibadiliki. Ndiyo kidoti chake cha nyuma ya sikio. Nitaandika jina kwa namba hiyo, basi."

Akaandika. Akaacha tena ufunguo kwa jirani. Kisha akaweka njia mpya kwanza, akaniambia nimwombe Sista atume jina la mgonjwa yeyote, likafika. Ndipo akaifuta ya zamani, akayaandika yote kwenye faili, na mwisho akaliambia sanduku lisijizime tena. Muda wote huo zahanati haikukatika hata kidogo. Laini ya zamani ilipofungwa saa kumi na moja, Sista alikuwa anamalizia mgonjwa wa mwisho na hakujua.

Mama mdogo alikuja Jumamosi, safari hii kwa gari la hospitali. Alimchukua mdogo kutoka mikononi mwangu, akamgeuza kichwa, akatazama nyuma ya sikio, akasema, "Wewe ndiye mlango wa pili," na mtoto akamshika pua.

Nikamwuliza kuhusu barua.

"Nilimweleza kila kitu," alisema. "Nikamwambia nilichomoa kabla ya kuchomeka, halafu majina yakageuka, na aliyeona ni mtoto wa dada yangu anayefagia zahanati. Akaniuliza, ulikuwa na haja gani ya kuniambia, mimi nilichoona ni dakika ishirini na tatu. Nikamwambia kesho akikosea mwingine, ajue pa kutazama. Kisha akanisogezea ile karatasi. Akasema chukua mama, sina kazi nayo, na zahanati nyingine tatu utazihamisha lini?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema nikipewa gari."

Akaifungua karatasi. Upande mmoja ulikuwa umepigwa chapa, na mahali pa sahihi palikuwa peupe. Upande wa pili alikuwa ameandika kwa mkono wake, herufi kubwa, hatua za kazi moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa ufunguo kwa jirani. Ya pili, kufunga majina. Ya tatu, kuchomeka kabla ya kuchomoa, na hiyo aliipigia mstari mara mbili.

Tuliibandika ukutani juu ya sanduku, upande ulioandikwa kwa mkono ukitutazama. Akataka kuutoa uzi mwekundu, kwa kuwa sasa waya umebaki mmoja wenye kazi. Nikamwomba auache. Akauacha, akamlaza mdogo karibu na mwenzake, akavua viatu, akajinyoosha kwenye mkeka kando yao. Nilipomaliza kupiga deki ukumbini nilirudi nikawakuta wote watatu wamelala.