Khanga Kati ya Sahani Mbili

Ndugu yangu, umewahi kutafuta wali katika mji wa mpunga ukaukosa? Mimi nimeutafuta. Jana usiku, Kyela hii hii, ambako mchele ukipikwa nyumba moja mtaa mzima unajua, nilizunguka mtaa wa Mbugani kama mwehu, bakuli mkononi, nikiuliza kila penye taa: kuna wali? Na kila penye taa wananijibu chipsi. Chipsi kavu, chipsi mayai, chipsi na mishkaki. Nadhani nililia pale pale barabarani, maana kijana mmoja wa chipsi aliacha kukaanga akaniuliza, "Dada, kuna msiba?"

Hakukuwa na msiba. Bado. Mama yangu amelazwa, na kwa siku kadhaa sasa hajatia kitu kinywani. Uji anaukataa. Supu anaigeuzia uso. Ndizi za kupondwa, ambazo zamani ungemwibia sahani yake mngekosana, hataki hata kuzinusa. Jioni muuguzi alinivuta kando akaniambia bila kuzunguka: dawa alizoandikiwa ni kali, haziingii tumbo tupu, na asipokula chochote usiku huu, kesho hatutakuwa na la kuongea. Nikarudi kitandani nikambembeleza. Nikamkaripia, Mungu anisamehe. Nikambembeleza tena. Mama akanitazama kwa macho yale yaliyozama, akasema kwa upole kabisa, "Twende kwa bibi tukale. Watu wameshalala."

Nikajua yuko wapi. Hakuwa wodini yule, alikuwa amesharudi kwenye kile kibaraza. Nikachukua bakuli nikatoka mbio.

Ngoja nikueleze kibaraza chenyewe, maana leo ukipita pale utaona duka la vioo linalouza simu, na hutaamini.

Nilikuwa msichana mdogo, wa kubebeshwa ndoo ndogo ya maji. Baba alikuwa amekwenda machimboni Chunya kutafuta dhahabu, na dhahabu ikamtafuta yeye, kwani hakuonekana tena wala barua. Mwaka huo mvua zilinyesha kama mtu aliyesahau kufunga bomba. Mto ukapanda mashambani Ndandalo, ukalala juu ya mpunga wa babu mpaka mpunga ukaoza umesimama. Babu, baba yake baba, akaja mjini na begi moja na mkongojo, akakaa kwenye nyumba ya mwanawe. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na banda la jiko nyuma, kati ya migomba.

Sasa kama wewe si wa kwetu, hapa ndipo utakapotushangaa. Kwetu mwanamke hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hatamki jina lake, hakai naye chini ya paa moja, na kula mbele yake ndiyo kabisa, heri afe. Siku hizi watu wanapiga picha pamoja harusini, lakini wazee wetu walikuwa wazee wa kanisani na bado mwiko huo walikuwa wameushika kwa mikono miwili. Basi babu alipoingia mlango wa mbele, mama alitokea wa nyuma. Akahamia bandani, kwenye moshi na kuku. Babu akitaka kutoka uani alikohoa kwanza, ehem, ehem, mama ajitupe nyuma ya migomba. Nilikua nikiamini kila mzee hukohoa hivyo kabla ya kwenda chooni.

Mchana mama alifagia na kupepeta kwenye mashine ya kukobolea mpunga. Alichopewa ni chenga, ule mchele uliovunjika vunjika, na mwaka ule wa mafuriko hata chenga ziligombewa. Alizipika, akazipakua kwenye sahani moja, akanikabidhi: mpelekee babu yako. Yeye je? "Mimi nitakula baadaye." Babu naye akimega matonge mawili matatu, ananisukumia sahani. "Maliza, mimi nimeshiba." Nikamaliza! Mtoto anajua nini? Nililamba mpaka maua ya sahani. Katika nyumba ile nilikuwa mimi peke yangu niliyeshiba, na niliwaona wakubwa wawili wanakonda, mmoja mbele, mmoja nyuma, nikafikiri ndivyo watu wakubwa walivyo.

Usiku babu akishaanza kukoroma, mama alinijia dirishani, akaninong'oneza, tukatoka. Hakuweza kuniacha, niliogopa kukoroma kule. Tulipita kwenye matope, vyura wakilia pande zote, mpaka mtaa wa maduka ambako malori yalipakia mpunga na ndizi usiku kucha. Hapo kwenye kibaraza cha duka lililofungwa alikaa bibi mmoja Mwislamu, watu wake walitoka pwani zamani na biashara ya nguo, akabaki na sufuria. Alipika wali kwa ajili ya madereva na wapakiaji. Aliupalia makaa juu ya mfuniko, na pembeni palikuwa na samaki mbasa wa ziwani kwenye mchuzi mwekundu wa mawese. Alikuwa akilalamika kila siku kwamba Kyela hakuna nazi ya maana, na kila siku watu walilamba vidole. Ile harufu, ndugu yangu! Nikiwa na njaa mpaka leo pua yangu huitafuta yenyewe.

Mama aliosha masufuria yake, akachota maji, akapepeta mchele wa kesho. Kisha bibi akampakulia. Alikuwa na ulimi mkali yule bibi, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi wa kupakua. "Kaa ule, mwanangu. Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza, nawe umeshalegea." Mama alikula akiwa amegeukia ukuta. Nilipewa ukoko, nikauguguna kama panya.

Tukaenda hivyo kwa muda, mpaka usiku ule wa kikohozi.

Mama ndiyo kwanza ametia tonge mdomoni. Nyuma yetu, gizani, ikasikika: ehem, ehem. Mama alibadilika rangi. Alijifunika khanga kichwa kizima, akaruka kutoka kibarazani, akapotelea kwenye mtaro wenye maji mpaka magoti. Sahani ikabaki inafuka moshi. Na babu, kwani ndiye aliyekuwa amesimama pale na mkongojo wake, njaa imemwamsha na pua imemwongoza, alipomwona mwanamke akikimbia akajua ni nani. Unafikiri alikaa akala? Naye aligeuka akakimbia! Mzee mwenye mguu mbovu, anakimbilia upande wa pili, kandambili moja imebaki kwenye tope. Wapakiaji walicheka hadi wakaangusha gunia.

Bibi alibaki ameshika upawa. "Hee! Makubwa haya! Mnaukimbia wali kama polisi?" Akaniuliza wale ni nani. Nilipomweleza, hakucheka. Alichochea makaa. Kisha akasema, kama anajisemea, "Wote wawili wana njaa, na kila mmoja anamkimbia mwenzake kwa heshima. Heshima gani ya kuzikana hii?"

Kesho yake mchana alikuja mwenyewe mpaka nyumbani. Aliongea na mama nyuma ya migomba, akaja mbele akaongea na babu. Kwa babu nilisikia maneno machache tu: "Mila yenu siivunji, mzee. Naiwekea pazia."

Na kweli. Usiku ule tulikuta ametundika khanga katikati ya kibaraza, kutoka nguzo hadi nguzo. Upande wa jiko alikaa mama. Upande wa barabara alikaa babu, amekuja baada yetu, amekohoa kwa mbali kwanza. Wali wa sufuria moja ukapakuliwa sahani mbili. Nami nikawa wa kupita chini ya khanga, huku na huku.

Lakini watu wetu! Wali umepakuliwa, hakuna aliyegusa. Mama akaninong'oneza: "Nenda katazame. Babu yako amekula?" Maana mkwe hatangulii kula. Nikapita chini ya khanga. Babu amekaa, mikono magotini, naye ananinong'oneza: "Mama yako amepata chakula? Ameanza?" Narudi: bado. Naenda: bado. Mbasa anapoa, mawese yanaganda, watu wawili wenye njaa ya miezi wanasubiriana mezani pasipo na meza. Nilianza kulia kwa hasira.

Bibi akanivuta sikio, akaniinamia. "We mtoto mjinga. Nenda kule useme amekula. Njoo huku useme amekula."

Nikaenda. "Babu, mama ameshakula." Nikarudi. "Mama, babu ameshakula." Mama akanikazia macho. "Umemwona wewe mwenyewe?" Nikasema nimemwona. Ndipo nikasikia pande zote mbili, kwa pamoja, vidole vinagusa sahani.

Tangu usiku huo hiyo ikawa kazi yangu. Msimu mzima wa njaa nilisema uongo mmoja mara mbili kila usiku, na uongo huo ndio uliotuvusha. Mwisho wa kula babu alisema kwa sauti, bila kumtaja mtu, "Ndaga fijo." Asante sana. Bibi alijibu yeye, lakini sote tulijua anayeshukuriwa alikuwa nyuma ya khanga. Na mama, akiwa amegeukia ukuta, alikuwa anafuta macho kwa kiganja, akisema moshi, moshi huu jamani.

Babu alifariki mpunga ulipokubali tena. Siku ya mazishi ndipo mama alipomwona uso kwa mara ya kwanza, akiwa ndani ya jeneza, na alilia vibaya mpaka wanawake wakamshika. Bibi naye alifuata baada ya miaka. Kibaraza kikavunjwa. Malori siku hizi yanapakia kwingine, na madereva wanakula wakiwa na haraka, vitu vya kushika mkononi. Nani atakaa usiku wa manane kupalia wali makaa?

Basi ndiyo habari niliyokuwa nayo kichwani jana nikikimbia na bakuli. Nilipita kwenye baa: nyama choma. Nilipita kwa mwanamke mwenye kibanda, nilimkuta anakunja turubai, ameuza supu yote. Nikafika mpaka stendi, nami tangu asubuhi nilikuwa sijala, ingawa sikulikumbuka hilo. Mama lishe mmoja alikuwa ameinama juu ya sufuria, anakwangua. Nilisikia ule mlio wa upawa kwenye ukoko, nikasimama kama nimeitwa.

"Wali umekwisha, dada yangu. Huu ni ukoko, nampelekea mbwa."

"Nipe," nikamwambia. "Nipe huo huo. Mama yangu hali."

Alinitazama. Akakwangua wote, akamimina juu mchuzi uliobaki, mchuzi wa usipa, dagaa wa ziwani, si mbasa. Nikamwambia ndaga fijo, nikaondoka huku namwaga machozi kwenye bakuli.

Wodini taa zilikuwa zimepunguzwa. Nililowesha ukoko kwenye mchuzi mpaka ukalainika, nikausogeza mdomoni mwa mama. Midomo imefungwa. Nikasema mama, wali huu, wa usiku, wa kwa bibi. Midomo imefungwa. Nikasema nakuomba. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na sinia lake la dawa, anasubiri, kisha akatazama chini. Mchuzi ulikuwa unadondokea shuka. Nikawaza, basi. Basi ndiyo hivi.

Mama akafumbua macho. Hakunitazama mimi, alitazama pazia la kijani linalotenga kitanda chake na cha jirani, akalitazama sana. Akaninong'oneza, "Nenda katazame. Babu yako amekula?"

Nikainuka. Nilifunua pazia, nikapita upande wa pili. Kitanda cha jirani kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa, mgonjwa wake aliondolewa mchana ule. Nilisimama pale peke yangu. Hapakuwa na mkongojo, wala bibi wa kunivuta sikio, wala mtu yeyote wa kuuliza kama sisi huku tumepata chakula. Wote waliokuwa wakitusubiri kula wamekwisha. Nikajipangusa uso, nikarudi.

"Amekula, mama."

"Umemwona wewe mwenyewe?"

"Nimemwona."

Akafungua kinywa. Nikamwekea punje chache. Akatafuna, taratibu, shingo ikapanda na kushuka. Akafungua tena. Muuguzi akasogea na sinia. Nilikuwa namhesabia pumzi, na kila tonge nilijiuliza kesho usiku nitaupata wapi mwingine, na kesho kutwa, na nikirudi na bakuli tupu nitamwambia nini.

Katikati ya kutafuna akasimama. Safari hii alinitazama mimi hasa, mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, akanijua.

"Na wewe? Umekula?"

Tumbo lilinguruma hadi nikaogopa atalisikia.

"Nimekula, mama," nikasema. "Nimeshiba. Maliza."