Namba Mbili wa Busale

Siku niliyoripoti Kyela mjini, mkuu wa ofisi ya ukaguzi wa kakao alinionyesha kompyuta iliyofunikwa kitambaa kama maandazi, akanionya kwamba asiiguse mtu yeyote ila mimi. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma! Biashara huria ilikuwa imeingia, wanunuzi binafsi wa kakao wamejaa mtaa wa Mbugani, na mimi nimeajiriwa kuandika programu kwa lugha ya PHP.

Kila gunia lililoletwa kukaguliwa tulilifungulia faili, jina lake kijiji na namba ya kufika: busale1, busale2, ngana1. Programu ilihifadhi faili hizo kwenye safu, yaani orodha ambayo kila kitu kina ufunguo wake, na ufunguo ulikuwa jina la faili. Ilipanga funguo, mkaguzi akaita watu kwa mpangilio huo. Lori la kubeba magunia likijaa, waliobaki warudi kesho, na mvua za Kyela mnazijua: kakao iliyolala barazani huota ukungu.

Siku moja Mama Tusekile wa Busale alifika wa pili. Mafuriko yalikuwa yamembebea kakao yote, limebaki gunia hilo moja. Ikaitwa busale1, kisha busale10, busale11, lori linazidi kujaa, yeye bado. Akaja dirishani kwangu.

"Mwanangu, siku hizi mbili inakuja baada ya kumi?"

Watu walicheka. Mimi nilipata uchungu. Mkuu akasema kompyuta haikosei. Nikamweleza kwamba inalinganisha herufi moja moja: ikikuta ile 1 inayoanza kwenye 10, inaona imeitangulia 2, hapo hapo imemaliza bila kutazama sifuri.

"Nipe muda wa kikombe cha chai, mzee."

Lo, vidole viliruka! Niliandika kipimo changu mwenyewe: kinapokea funguo mbili, vijiji vikifanana, kinalinganisha namba kama namba. Ya kwanza ikiwa ndogo kinajibu hasi, ikiwa kubwa chanya, zikilingana sifuri. Nikakipa uksort, amri ya PHP inayopanga funguo kwa kipimo chako. Busale2 ikapanda juu, chini ya busale1. Mkaguzi akaita, na gunia la Mama Tusekile likapanda lori likiwa karibu la mwisho.

Vijana, leo mna amri zilizo tayari kwa kazi hiyo, zitumieni, msijitese. Mimi nimestaafu, na vyeo vya wakubwa wangu vingi nimevisahau. Ila namkumbuka mama yule akirudi ofisini kuomba aonyeshwe jina la faili lake, busale2. Nilimwonyesha. Akaligusa kwenye kioo kwa kidole chenye utomvu wa kakao, akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," yaani asante sana.

Mkuu alikuwa amesimama nyuma yetu. Akamvutia kiti.