Fundi Komeo na Mlango wa Binti Yake

Naweka dau viatu vyangu vyote viwili, na si vibaya, nimevishona mwenyewe: hakuna atakayeniamini. Nani ataamini kwamba fundi wa vitasa aliyefungua milango ya mtaa mzima, maduka, ofisi, hata chumba cha mkuu wa shule aliyejifungia nje, nyumbani kwake hakuwa na mlango hata mmoja unaofungwa? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwenyewe kaniruhusu nisimulie, kwa sharti moja tu, nisitie chumvi. Kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu, ila nitajikaza.

Tunamwita Komeo. Kibanda chake cha vitasa na changu cha viatu vinaegemeana chini ya bati moja, likivuja tunalowa wote. Ana mikono mikubwa kama makoleo. Halafu mikono hiyohiyo inashika kiwaya chembamba, inakiingiza kwenye tundu la ufunguo, naye anafumba macho na kuinamisha kichwa kama anayenong'onezwa. Hujamaliza kumeza mate, tak, mlango uko wazi. Mimi ndiye niliyekuwa mpiga debe wake. "Njooni muone," nawaambia wateja, "huyu anafumba macho kwa maringo tu. Akiyafumbua, kazi itakuwa rahisi mno, atasinzia." Akiulizwa alijifunzia wapi, jibu lake ni moja: "Nilizaliwa nayo."

Sasa twende nyumbani kwake. Vyumba vitatu, ukumbi mwembamba, choo cha ndani. Kila mlango aliung'oa kitasa siku aliyohamia, yakabaki matundu yaliyozibwa kwa matambara. Chooni ukiingia unaimba, ili wa nje ajue kuna mtu. Mkewe anaimba, watoto wanaimba, mgeni akija anaelekezwa: choo kile pale, chagua wimbo. Mimi sauti ninayo, kwa hiyo sikuona tabu. Tulicheka miaka na miaka. Mganga hajigangi, tukasema, yakaisha.

Lakini bintiye mkubwa akafika miaka kumi na mitatu, na msichana wa miaka hiyo hataki kuimba kila akivua gauni.

"Baba, naomba kitasa chumbani kwangu."

"Cha nini? Humu ndani kuna mwizi?"

"Hakuna. Naomba tu."

"Watu wema hawajifungii, mwanangu."

Akaomba tena mwezi uliofuata. Akamtuma mama yake. Akamtuma mama yake mdogo. Jibu likawa lilelile, na safari hii Komeo akalitoa huku ameshika fremu ya mlango kama mtu aliye kwenye mtumbwi.

Jumamosi moja mchana, mtoto akaegemeza kiti mlangoni ili abadilishe nguo. Komeo alikuwa anapita na kikombe cha chai. Akasukuma mlango kidogo, kama alivyozoea, ukagoma. Akaita. Mtoto kwa aibu akanyamaza. Basi yule mtu ambaye angeweza kuuliza mara ya pili, au kusubiri dakika mbili, aliweka kikombe chini taratibu, akarudi nyuma hatua tatu, akaupiga mlango kwa bega. Bawaba zikang'oka. Mlango, kiti na baba vyote vikaangukia chumbani, na binti amebana ukutani, gauni kifuani.

Baadaye binti alimwambia mama yake mdogo kitu kilichomtisha kuliko kishindo. "Hakuwa na hasira. Baba alikuwa analia. Alianza kulia kabla hajaniona."

Jioni hiyo akabeba mfuko wake, akahamia kwa huyo mama mdogo, mtaa wa pili. Akaacha ujumbe mmoja: "Nitarudi siku chumba changu kitakapokuwa na mlango ninaoufunga mwenyewe."

Bega lilivimba. Jumatatu Komeo akaenda zahanati, na muuguzi aliyempokea alikuwa mama mmoja mwenye macho ya polisi.

"Bega limepatwa na nini?"

"Mlango."

"Mlango umekupiga?"

"Nimeupiga mimi."

"Na ndani alikuwepo nani?"

"Mwanangu."

"Kulikuwa na moto? Nyoka?"

Komeo akatazama sakafu. "Alikuwa anabadilisha nguo."

Muuguzi akafunga bendeji. Kisha akaandika kikaratasi: chumba namba nne, Jumatatu saa nane mchana. "Ni kikao cha wazazi," akasema. "Wazazi walioumizwa utotoni, na sasa wanaona yale maumivu yanawafikia watoto wao. Siyo mahakama, usiogope. Nenda ukakae."

Aliponionyesha hicho kikaratasi nilicheka mpaka sindano ikanichoma. "Mtu mzima na madevu yako unaenda kukaa kwenye duara?" Jumatatu saa nane kasorobo alifunga kibanda.

Chumba namba nne kina viti vya plastiki saba, feni inayolalamika, jagi la maji na dirisha moja. Mshauri ni dada wa makamo, mpole, anayeongea kama mtu asiye na haraka ya kufika popote. Alipotaka kufunga mlango, Komeo alisimama, akachukua kiti chake, akakiweka kizingitini, nusu chumbani, nusu kwenye korido. Wahudumu waliopita na mafaili wakawa wanamruka miguu.

"Kaa hapohapo," mshauri akamwambia.

Komeo akakitazama kitasa. "Dada, hiki kitasa ni takataka. Mtoto wa darasa la pili anakifungua kwa pini ya nywele."

"Nimekusikia. Sasa mbona unakiogopa?"

Alirudi kibandani siku hiyo akachonga ufunguo vibaya, mara yangu ya kwanza kumuona akikosea.

Basi ikawa kila Jumatatu mshauri anauliza, "Leo tuufunge kiasi gani?" Komeo anapima kwa mkono: shibiri moja. Jumatatu nyingine, shibiri mbili. Walikuwepo dereva wa lori asiyeweza kuvumilia kilio cha kichanga chake, na mama muuza nguo aliyejisikia akiwatukana wanawe kwa maneno yaleyale ya marehemu mama yake, neno kwa neno. Walikuwepo na wengine watatu. Hebu waone: watu wazima wana mizigo yao, wamekaa kimya wanamsubiri mwenzao asogeze ubao shibiri moja, na hakuna aliyecheka. Mimi ningecheka. Leo nikiwafikiria nywele zinanisimama.

Jumatatu ya sita mlango ulifungwa wote. Komeo akaanza kutokwa na jasho. Dereva wa lori, bila kuambiwa, akahamisha kiti chake akakaa karibu naye, bega kwa bega, lile zima. Hapo ndipo akasema.

Alilelewa na baba mkubwa. Kulikuwa na stoo ya magunia, haina dirisha. Ukivunja kikombe, ukichelewa dukani, unafungiwa humo. Samaki mkunje angali mbichi, baba mkubwa alikuwa akisema huku anageuza ufunguo. Siku moja alimfungia asubuhi, akaondoka safari, akasahau. Mtoto ana miaka saba. Alipiga mlango mpaka mikono ikachoka, aliita mpaka sauti ikaisha. Kwenye mdomo wa gunia akapapasa akakuta waya. Akauingiza kwenye tundu la ufunguo, gizani, akawa anausikiliza mlango kwa vidole. Hajui alikaa muda gani. Anachojua ni kwamba siku ya pili kitasa kiliitika tak, akatoka mwenyewe, akaenda kunywa maji kwenye ndoo ya ng'ombe.

Na mpaka leo, akishika kitasa, macho yanajifumba. Vidole vyake vilijifunzia gizani, kwenye mwanga vinapotea.

Niliposimuliwa hayo niliacha kiatu cha mteja mezani. Ule ufundi wote niliokuwa naunadi, kumbe ulizaliwa stoo, na mtoto wa miaka saba asiye na mwalimu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu bwana alikuwa ameishi na ung'ongo kila chumba, huku anakula kwa kazi ya nyoka.

Mshauri aliuliza kidogo tu. "Yule mtoto kule stoo alitaka nini?"

"Mlango ufunguliwe."

"Na binti yako?"

Komeo akageukia mlango. Mama muuza nguo ndiye aliyesema, polepole, kama anayejiambia mwenyewe: "Na wako anataka ufunguo ukae kwake. Hata wewe ungekuwa nao, kaka, ile stoo ingekuwa chumba tu."

Wiki hiyo Komeo alinunua mlango mpya wa mbao ngumu, na mimi nikamsaidia kuubeba, tena upande mzito, aulizwe mwenyewe. Akachimba kwa patasi, akapiga bawaba, akafunga kitasa bora kuliko vyote kibandani, kile alichokuwa ananinyima hata kukigusa. Binti akaitwa aje aukague. Akaja na mama yake mdogo, uso umekaza kama mkaguzi wa serikali.

Komeo akampa ufunguo. Mtoto akaingia, akafunga. Tukausikia ufunguo ukizunguka mara mbili.

Komeo akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani. Nilimuona rangi ikimpotea. Mkono ukaingia mfuko wa shati, ukatulia humo, na nikajua. Fundi wa vitasa hachongi ufunguo mmoja. Ni mazoea kama kupumua: wa mteja, na wa akiba. Alikuwa na nakala.

Mkewe naye akajua. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba watoto. Kama unao, ni stoo ileile."

Zikapita dakika, mimi nahesabu pumzi zake maana sikuwa na lingine la kufanya. Mkono ukatoka mfukoni na ule ufunguo, ukaenda mpaka mlangoni. Nikajiandaa kumshika. Hakuuingiza kwenye tundu. Aliulaza sakafuni, akausukuma kwa kidole kimoja, ukapita chini ya mlango, ukaenda zake.

Kisha ikaja sauti kutoka ndani:

"Baba, huu ni wa nini?"

"Nilikuwa nimeuficha, usijue. Ndio wa mwisho. Hakuna mwingine."

"Kweli?"

"Kweli, mwanangu."

"Uko wapi?"

"Hapa chini, sakafuni."

"Nimefunga."

"Najua. Nimekisikia kitasa. Kimeingia vizuri."

Mlango katikati yao, binti akauliza, "Unaogopa?"

"Ndiyo."

"Basi nitakuwa naongea." Akaanza kumsimulia mambo ya shule, mwalimu wa hesabu na wigi lake, nani kagombana na nani, huku baba yake amekaa chini, macho wazi kabisa, anautazama mlango uliofungwa kama mtu anayeona mlima kwa mara ya kwanza. Mtu huyo amefungua milango elfu na watu wakapiga makofi. Huu hakuufungua, na sisi ukumbini hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Ulipofunguka, ulifunguliwa kutoka ndani. Binti akatoka, funguo zote mbili shingoni kwenye kamba ya kiatu, kamba yangu, hakuniomba. Akamgeukia mama yake mdogo. "Naomba mfuko wangu uletwe."

Jumatatu bado anakwenda, saa nane. Chooni sasa kuna komeo, ingawa wakubwa bado tunaimba, mazoea.

Mimi nilikosea jambo moja. Miaka kumi na moja niliwaambia wateja kwamba anafumba macho kwa maringo. Hayakuwa maringo.